Keria si Urembo: Acheni Kufunga Kayaki Kama Godoro la Kuhama

Wasee, wacha niseme hii kitu bila kuzunguka. Wengi wetu tunabeba kayaki juu ya gari vibaya, na siku moja jamaa wa boda aliye nyuma yetu ndiye atalipa hilo deni. Si sisi. Sisi tutakuwa ndani ya gari, madirisha juu, ngoma imewaka, hatujui hata kilichotokea.

Sina shida na mchezo wenyewe. Naupenda sana. Ukienda Sagana kwa mto Tana, ukienda Naivasha, Kilifi Creek, Mida ama Dunga kule Kisumu, unakuta vijana kama mimi na wewe wameshika makasia na wanajifunza kusoma maji. Hiyo ni safi. Shida yangu ni ile safari ya kufika kwa maji. Hapo ndipo kila mtu amejifanya bingwa.

Kuna kambi mbili.

Kambi ya kwanza ni watu wa "itakaa tu". Hawa wanachukua kayaki ya kilo 25, wanailaza juu ya Vitz na blanketi ya boarding chini yake, wanapitisha kamba ya manila kwa madirisha, wanaongeza ule mpira wa tyubu wa kufunga kreti za soda kwa boda. Halafu mmoja anapiga paa kofi mbili: "Twende, hiyo haitoki!" Hizo kofi mbili ndizo ukaguzi wote.

Kambi ya pili ni watu wa jina. Hawa watakwambia kama keria yako haijaandikwa Thule ama Yakima, wewe si mtu wa maji, rudi nyumbani ukaoshe vyombo. Hawakuulizi una gari gani, paa lake likoje, wala utabeba kayaki ngapi. Wanataka kuona tu ile stika kwa picha.

Hizi kambi zinachukiana, lakini zinakosea kwa sababu moja. Hakuna anayesoma namba.

Twende polepole.

Sisi tumekulia kwa nchi ambapo paa la gari ni stoo. Tumeona basi la kwenda ushago likiwa na makochi, magodoro, baiskeli, magunia ya makaa na kuku wawili wanaoangalia dunia kwa mshangao. Kwa hivyo tunadhani tunajua kufunga mzigo. Lakini kayaki si godoro, na si gunia. Gunia ni zito na limekaa chini. Kayaki ni nyepesi, ngumu, ndefu, na mdomo wake umeinuka. Ukikimbia, upepo unaingia chini ya ule mdomo na kuunyanyua. Umeweka bawa juu ya gari lako, halafu umelifunga na kamba ya kuanika nguo.

Mimi niliachana na chuo, sina digrii ya uhandisi, lakini hii ni fizikia ambayo haihitaji gauni la kufuzu. Nguvu ya upepo haipandi sawa na mwendo. Inapanda kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 80 kwa saa hadi 110, mwendo wako umeongezeka chini ya asilimia 40, lakini nguvu ya upepo imekaribia kuwa mara mbili. Hapo sijaongeza lori la Mombasa Road linalokuja upande wako na kukupiga na kibao cha upepo. Ile kamba iliyokuwa poa mtaani South B si ile kamba tena ukifika tambarare za Athi.

Sasa namba ya kwanza, ambayo karibu hakuna mtu anaitafuta: paa lako linaruhusiwa kubeba kilo ngapi?

Imeandikwa. Iko kwa kile kitabu cha gari ambacho hujawahi kufungua. Magari mengi madogo yako kati ya kilo 50 na 100, na 75 ni namba utakayokutana nayo mara nyingi. Hiyo ni kilo za gari likiwa linatembea, na ndani ya hizo kilo kuna uzito wa keria yenyewe. Ati paa si linaweza kulaliwa na watu wawili kwa hema? Ndio, gari likiwa limesimama. Likitembea, likipiga kona, likikanyaga tuta, hesabu ni nyingine kabisa.

Na tuta ndilo neno. Hizo namba hazikuandikwa na mtu aliyewaza matuta yetu. Unatoka Nairobi ukiwa na lami safi, halafu kila kituo cha soko kina matuta manne, mawili hayajapakwa rangi. Kila tuta ni mzigo wako kurushwa juu na kudondoka tena. Rhino-Rack ya Australia, kampuni inayojua barabara mbovu, inataka uzito wa barabara ya vumbi ugawanywe kwa 1.5, yaani ubaki na theluthi mbili tu. Kilo 75 zinakuwa 50. Ukiwa unaingia barabara ya vumbi kutafuta ufuo, tumia hiyo hesabu, usitumie ile ya lami.

Sasa tuangalie kambi zetu na hizo kilo 75.

Msee anaenda kwa fundi wa kuchomelea, Kamukunji ama Kariobangi. "Fundi, nataka keria ya kubeba kayaki mbili." Fundi anajibu, "Bosi, wewe toa pesa tu, nitakutengenezea inayobeba hata ng'ombe." Na kweli anatengeneza. Kizimba kizima cha chuma cha pembe, cha milimita 40 kwa 40, unene wa 3. Hicho chuma kina karibu kilo 1.8 kwa kila mita. Kizimba kikila mita 15, hizo ni kilo 27. Ongeza kayaki mbili za kilo 25 kila moja. Jumla 77. Umeshapita, na bado hujaweka kasia hata moja. Keria ya kubeba ng'ombe imekula nafasi ya kayaki.

Lakini msikimbie kumlaumu fundi. Fundi alitengeneza alichoambiwa. Ukimwambia "kayaki mbili" bila kumpa kilo, urefu, na jinsi paa lilivyo, atakupa nguvu, kwa sababu nguvu ndiyo lugha wateja wake wote wanaongea. Mpe namba. Mwambie unataka vyuma viwili tu vya kukingama, bomba la mraba la milimita 25, unene wa 1.5. Hilo lina kama kilo 1.1 kwa mita. Vyuma viwili vya mita 1.3 havifiki kilo 3. Ongeza miguu na vishikizo, bado uko chini ya kilo 12, na kayaki zako mbili zinaingia ndani ya 75 bila presha. Jua kali haijawahi kuwa shida. Shida ni mteja anayeenda bila vipimo kisha anasema fundi ni mbaya.

Na watu wa kambi ya jina, kabla mcheke fundi, jueni hii. Thule ilianzishwa Uswidi mwaka 1942 na Erik Thulin, na kitu cha kwanza alichouza kilikuwa mtego wa samaki kwa wavuvi. Keria zilikuja baadaye. Kabla ya jina kuwa jina, kulikuwa na mtu aliyeona shida ya watu wa maji na kutengeneza chuma cha kuitatua. Huyo tungekutana naye hapa kwetu, tungemwita fundi.

Namba zikiisha, swali la pili ni miguu. Keria inashika gari wapi? Hapa ndipo urembo unaua watu.

Kuna paa lenye mfereji wa mvua pembeni, kama Defender, Land Cruiser za 70, na zile vani za zamani. Hilo ni zawadi. Miguu inashika mfereji, kazi imeisha. Kuna paa lenye reli zilizoinuka kutoka kiwandani, kama Forester nyingi. Hiyo pia ni rahisi. Kuna magari yenye sehemu maalum za kufungia bolti, zimefichwa chini ya vifuniko vidogo vya plastiki. Halafu kuna paa tupu, ambalo ndilo tuko nalo wengi: Vitz, Demio, Probox. Hapo unahitaji miguu inayobana ukingo wa juu wa mlango, na vibanio vyake lazima viwe vimekatwa kwa umbo la gari hilo. Vya Demio si vya Vitz. Mtu akikuuzia seti ya mtumba akasema "hii huingia gari yoyote", mwambie ahsante na uende zako.

Na kuna kitu kinaitwa reli ya gundi. Inauzwa kwa maduka ya vipambo vya gari, inabandikwa pembeni mwa paa ili Fit ionekane kama ni ya kwenda Turkana. Wasee, hiyo ni nyusi bandia. Ukifunga kayaki hapo umeifunga kwa nyusi. Vilevile usikubali mtu atoboe paa lako na drili ili "ishike vizuri". Utapata maji ndani na kutu pembeni, na bado haitashika, kwa sababu katikati ya paa ni bati jembamba. Nguvu iko kwa fremu, iko pembeni.

Tatu, nafasi kati ya vile vyuma viwili. Kayaki ndefu ikishikiliwa na vyuma vilivyokaribiana inakuwa kama ubao wa bembea: upepo ukisukuma pua, mkia unacheza, na kila kitu kinachofungwa kinalegea. Vyuma vikiwa mbali, kayaki inatulia. Ndiyo maana nasema na sitarudi nyuma: Probox ni gari bora la kayaki kuliko Prado. Cheka kwanza. Ukimaliza kucheka, fikiria. Paa la Probox ni refu, bapa, na liko chini. Mtu wa futi tano na inchi mbili anaipandisha kayaki akiwa amesimama chini. Kwa Prado atahitaji ngazi, rafiki na maombi. Na siku umetoka kwa maji mikono imekuwa uji, hiyo tofauti utaihisi.

Hao wenye kile kikapu kikubwa cheusi juu ya gari, kinachoenda Westlands na kurudi kikiwa tupu, nao nina neno lao. Kikapu kina kingo. Kayaki ikilala juu ya kingo inashikwa mahali pabaya na haikai sawa. Kwa kayaki, vyuma viwili vitupu vinashinda kikapu cha pesa nyingi. Na kile kikapu kinakunywa mafuta hata kikiwa hakina kitu. Ushauri wa serikali ya Marekani kwa wenye magari unasema sanduku kubwa la juu ya paa linaweza kupunguza umbali unaoenda kwa mafuta yaleyale kwa asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Kikapu si sanduku, lakini upepo haubagui. Ukirudi nyumbani, toa keria. Kama iko juu mwaka mzima na maji unayaona mara mbili, hiyo ni mkufu wa gari.

Nne, mikanda. Hapa nitaongea kwa sauti ya juu.

Mpira wa tyubu HAPANA. Mpira kazi yake ni kunyooka. Upepo ukinyanyua, nao unanyooka, kayaki inapata nafasi ya kucheza, na kinachocheza kitatoka. Mkanda wa racheti, ule wa malori, pia achana nao. Una nguvu kuliko unavyohitaji, na kayaki ya plastiki inabonyea. Plastiki ikipigwa na jua la Naivasha mchana inalainika, na ukiibana kwa racheti utafika na kayaki yenye kiuno. Tumia mkanda bapa wenye bizimu ya meno, ile unayovuta kwa mkono hadi inakataa. Miwili, mmoja kwa kila chuma. Mkanda uzunguke chuma cha keria chenyewe, si reli, si kitu kingine chochote kilicho karibu. Usokote mara moja ili usivume kama filimbi njia nzima. Na plastiki ilale kifudifudi au kwa ubavu, kwenye kishikizo cha umbo la J, kwa sababu ubavu ni mgumu kuliko tumbo.

Halafu kamba ya mbele na kamba ya nyuma. Hii ndiyo watu wanaruka, na ndiyo inayozuia lile bawa kunyanyuka. Pua ifungwe hadi kwa ndoano ya kuvutia gari iliyo chini ya bampa, na mkia vivyo hivyo. Kayaki ya bahari inaweza kupita mita 5; ikichungulia nyuma ya gari, ifunge kitambaa chekundu. Ukitoka kwenda Sagana, simama ukifika Ruiru, shuka, tikisa kayaki. Gari zima likitikisika nayo, endelea. Kayaki ikitikisika peke yake, kaza upya. Ni dakika tatu. Umewahi kupoteza dakika tatu kwa TikTok? Basi.

Najua mtu ameshaanza: "Lakini wewe unaongea kama tuna pesa. Hizi keria ni za wadosi." Hilo ndilo jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu mtu huyo ana haki ya kukasirika. Mfumo kamili wa jina kubwa, miguu, vyuma na vishikizo, unaweza kupita dola 500 huko unakouzwa, kabla haujapanda meli na kukutana na ushuru. Kijana wa Umoja akiambiwa hiyo ndiyo tiketi ya kuingia, ana njia mbili: aache mchezo, ama afunge na manila. Watu wa jina, nyinyi ndio mnawatengeneza watu wa manila. Mkisema usalama una stika moja tu, asiye na stika anaamua usalama si wake.

Na kayaki haikuanza kuwa kitu cha matajiri. Ni chombo cha wawindaji wa Aktiki, Wainuit na majirani zao, fremu iliyovikwa ngozi, nyepesi ili mtu mmoja aweze kuibeba mwenyewe hadi kwa maji. Sisi wenyewe tuko na mitumbwi na ngalawa Pwani tangu zamani. Hakuna mtu wa kutuambia maji ni ya wenye Prado.

Kwa hivyo usalama tuutoe kwa stika, tuurudishe kwa namba. Vyuma viwili vya fundi vilivyopimwa, miguu inayoshika fremu ya gari, mikanda miwili ya maana na kamba mbili. Hiyo inashinda keria ya laki iliyowekwa kwa gari lisilo lake. Na ukipata pesa ununue ya jina, nunua, hakuna dhambi. Lakini nunua kwa sababu inaingia gari lako.

Na wakati mwingine jibu ni kutobeba. Kama gari ni Vitz na unaenda Diani, kilomita karibu 500, kodisha kayaki huko huko. Kama unaenda kila wikendi, nunua ya kujaza upepo, itakaa kwa buti pamoja na pampu yake. Kama mko sita, changeni mkodishe pikapu. Kukubali kwamba paa lako si la kazi hii si uoga. Uoga ni kujua na bado upige paa kofi mbili.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza gari kubebeshwa zaidi ya kiwango cha mtengenezaji. Lakini tusidanganyane, afande akikusimamisha ataangalia stika ya bima na kukuuliza hiyo ngalawa inaenda wapi. Hakuna mtu atapanda juu kukagua mikanda yako. Kwa hivyo hiyo kazi ni yako peke yako.

Jamaa wa boda anayekufuata hajui bizimu ni nini. Hajui umefunga na nini. Ameona tu kitu kirefu cha rangi ya machungwa juu ya gari, na ameamini kwamba aliyekifunga alikuwa na akili. Ana abiria nyuma, labda mama anarudi kutoka soko, labda mtoto wa shule. Kayaki ya kilo 25 ikimfikia kwa mwendo wa 100, helmeti haitamsaidia.

Wikendi hii kabla hujawasha gari, fungua kile kitabu, tafuta ile namba, kisha fanya hesabu. Kama jibu halikupendezi, badilisha mzigo. Usibadilishe hesabu.